ZIWA NA MKEBE: MDAIWA NI TAJIRI



Yako mabishano yasiyokwisha baina ya mama zetu, viwandani na mashambani, penye bomba la maji na ndani ya matatu. Huyu asema mama anayempa mtoto maziwa ya mkebe ni mvivu, tena ajifanya mzungu. Yule ajibu kwamba mwenye kujisifu kwa ziwa lake hana kazi ya kuamkia, na mtoto wa mkebe ndiye mnene kuliko wote mtaani. Hutukanana hivyo mpaka gari lifike. Wanaume waliopo husikiliza wakicheka, wakasema hayo ni mambo ya wanawake.

Sisi twasema si mambo ya wanawake. Ni mambo ya saa za kazi, na saa za kazi ndiyo shughuli ya chama.

Kwanza tusifichane. Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto anyonye ziwa tupu miezi 6, bila uji wala maji, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula mpaka miaka 2 na kupita. Maziwa ya mama yana kinga ya maradhi, hayahitaji kuni, wala hayana bei. Maziwa ya unga yataka maji yaliyochemshwa, yachanganywe yangali na moto usiopungua digrii 70, na chupa na chuchu zichemshwe kila mara. Mtoto wa miezi mitatu asiyenyonya ziwa humaliza mkebe wa gramu 400 kwa siku nne hivi. Mpigieni hesabu mama wa kibarua. Mkebe ukikaribia kwisha na mshahara haujaja, ataongeza maji apunguze unga, na mtoto atakunywa maji meupe akonde huku chupa imejaa.

Habari hii si ngeni. Mwaka 1939, mjini Singapore, daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, alisimama mbele ya wakubwa wa Rotary akaita biashara hiyo mauaji, kwa kuwa alikuwa ameona watoto wakifa kwa kulishwa maziwa matamu ya mkebe. Baadaye makampuni yaliwavika wanawake nguo kama za manesi, wakaingia hospitali za nchi maskini kugawa mikebe ya bure. Mkebe wa bure ukiisha, na ziwa limekwisha kupungua, mama hana budi kununua. Mwaka 1977 watu wa Marekani walianza kugomea bidhaa za Nestlé kwa sababu hiyo, na mwaka 1981 mkutano wa afya wa mataifa ulipitisha kanuni za kuzuia matangazo hayo kwa kura 118. Aliyepinga alikuwa mmoja tu, Serikali ya Marekani. Kenya nayo ilitunga sheria yake mwaka 2012. Kwa hiyo asije mtu akasema chama kinatetea wauza mikebe.

Lakini mafundisho hayo mama zetu wameyasikia. Hesabu ya Serikali ya 2008-09 ilionyesha kwamba katika watoto 100 walio chini ya miezi 6, waliokuwa wakinyonya ziwa tupu ni 32. Mwaka 2014 walikuwa 61. Mwaka 2022 walikuwa 60. Mnaona? Kwa miaka michache idadi ilipanda karibu mara mbili, kisha ikasimama. Mama aliyekuwa akingojea kufundishwa amekwisha kufundishwa. Aliyebaki hakosi elimu, akosa nafasi.

Daktari asema miezi 6. Sheria ya Kazi ya 2007 yampa mama likizo ya miezi 3 kwa mshahara kamili. Twauliza: ile mitatu iliyobaki anyonyeshe nani? Tena hata hiyo mitatu haikuja bure. Kwa sheria ya 1976 likizo ilikuwa miezi 2, na mama akiichukua alinyang'anywa likizo yake ya mwaka, kana kwamba kuzaa ni kwenda kutembea pwani.

Tazameni yanayompata mama akirudi kazini. Anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, kwenye vyumba vya kufungia maua Naivasha au kwenye cherehani za Athi River, na harudi mpaka jua limekuchwa. Ziwa hutengeneza maziwa kwa kadiri linavyonyonywa au kukamuliwa. Likikaa limejaa mchana kutwa, mwili husikia kwamba mtoto hayuko, nao hupunguza. Katikati ya asubuhi nguo imelowa mbele ya nyapara. Mama akimbilia chooni, akamua ukutani, amwaga. Baada ya majuma machache mama mkwe asema, “Maziwa yamekauka.” Hayakukauka, yamekaushwa na ratiba ya kazi. Jioni hiyo mkebe wa kwanza wanunuliwa, na kesho yake mwenzake amwita mvivu!

Sasa sikieni, maana wengi hawakuambiwa. Sheria ya Afya ya 2017, vifungu vya 71 na 72, humwamuru kila tajiri awe na chumba cha mama kunyonyeshea au kukamua maziwa, chenye mahali pa kunawia mikono na friji au kitu kingine cha kuyaweka baridi, na chumba hicho kisiwe chooni. Tena mama apewe muda wa kunyonyesha mbali na ule wa chakula, usiozidi saa moja katika kazi ya saa 8. Si fadhili ya meneja, ni sheria. Ni wangapi kati yenu mmekiona chumba hicho kwa macho?

Matajiri husema hakuna nafasi. Nafasi ya magari ya wakubwa haijapata kukosekana. Husema wanawake watajificha humo wapumzike. Neno hilo tulilisikia pia tulipodai muda wa chakula. Wakisema gharama ya likizo yote yawaangukia wao, hapo tutawasikiliza kidogo, kwa kuwa ni kweli, na wengine hukwepa kuajiri wasichana kwa sababu hiyo. Mapatano ya Shirika la Kazi la Mataifa ya mwaka 2000 yataka malipo hayo yatoke katika bima au mfuko wa umma. Waje tuyadai pamoja kwa Serikali. Lakini kiti, beseni na friji haviwezi kufilisi kiwanda.

Wanaoumia zaidi ni vibarua, wanaoogopa kuuliza wasije wakaambiwa kesho wasirudi. Wajue kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku zinazotimia mwezi, sheria ya 2007 yamhesabu kuwa mfanyi kazi wa mwezi, na kwamba mimba si sababu ya haki ya kumfukuza mtu.

Na mama wa mkebe aachwe. Wako wagonjwa, wako wanaolea mtoto wa marehemu dada yao, wako waliojaribu maziwa yasitoke. Wenye virusi vya ukimwi hufuata ushauri wa kliniki. Wengi wao siku hizi hunyonyesha huku wakimeza dawa. Hakuna anayepaswa kujieleza ndani ya matatu.

Wawakilishi wa viwandani, andikeni mahali pasipo na chumba na mahali mama wanaponyimwa muda wao, mlete ofisini kabla ya mazungumzo ya mapatano mapya. Twataka miezi 6 iandikwe katika madai, chumba kiandikwe, na saa ile ilipwe kama saa ya kazi. Kila tawi lipeleke mwanamke mmoja mezani, asiwe wa kuandika kumbukumbu tu. Wanaume watakaosema jambo hili lingoje mpaka nyongeza ya mshahara ipatikane, waulizwe mkebe nyumbani kwao hununuliwa kwa mshahara wa nani.