Bahari Isiyo na Mvuvi

Majuzi nilikuwa Nyamarambe, katika vilima vya Kisii, mbali na harufu ya chumvi. Katika mkahawa nilimokunywa chai paliangikwa kalenda yenye picha ya pwani: mchanga mweupe, minazi miwili, mwavuli na kiti cha kujilaza. Msichana aliyeniandalia, alipojua natoka Mombasa, aliitazama picha ile akaniuliza: "Mzee, kwani huko kwenu watu hawafanyi kazi?"

Swali lilinichoma, wala simlaumu. Bahari aliyoonyeshwa haina mvuvi.

Jambo hili si geni. Huko Marekani, katika karne ya 19, reli na meli za moshi ziliwafikisha watu wa mijini ufukweni kupunga upepo, na wachoraji nao wakaelekea huko. Mwaka 1869 Winslow Homer alichora mabibi na miavuli yao huko Long Branch, New Jersey. Lakini bwana huyo huyo, baada ya kuishi na wavuvi wa Cullercoats, Uingereza, mwaka 1881 na 1882, alibadili mkono. Katika picha yake ya 1885 iitwayo Onyo la Ukungu, mvuvi yumo peke yake mashuani na samaki wake, akitazama ukungu unaotaka kumtenga na merikebu yake. Hapo bahari ni riziki, tena ni hatari.

Wazee wetu walilijua hilo. Katika magofu ya Gedi na Kilwa mna vyombo vilivyokwaruzwa kwenye lipu za kuta, na milingoti yake na tanga zake.

Sisemi wageni wasije. Wengi wetu twala kwa utalii. Nasema picha ina nguvu. Ufukwe ukichorwa mtupu, mwenye fedha huuona mtupu. Kisha hujenga ukuta, na mvuvi aliyezoea kupwelezea ngarawa yake pale huambiwa hana njia.

Basi, enyi walimu na wachoraji wa pwani, mtoto akichora bahari mwambieni atie dema, nyavu, na baba yake. Nami nitampelekea yule msichana picha ya namna hiyo. Ataifahamu upesi: kwao ni jirani na wachongaji mawe wa Tabaka, wajuao kuwa hakuna kizuri kisicho na mkono nyuma yake.