Mashine za Shule: Kinga Itangulie

Bukene ni kituo cha reli itokayo Tabora kwenda Mwanza, wilayani Nzega. Msomaji wa Unguja au Pemba atauliza kinatuhusu nini. Kinatuhusu. Unyamwezi ile ambayo misafara ya pwani iliiendea kwa miguu kutafuta pembe, ni nchi ya mninga. Na penye mbao hapakosi msumeno. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeupa mkondo wa amali nafasi katika sekondari za Bara. Jambo hilo tunaliunga mkono kwa dhati.

Lakini karakana si darasa la madawati. Tunachokihofia zaidi si utundu wa mwanafunzi, bali umeme wenyewe. Umeme hukatika mbao ikiwa katikati ya msumeno wa mviringo. Mwanafunzi huinama kuitoa, na swichi hakuna aliyeizima. Umeme unaporudi, mashine haipigi hodi. Watu wa Unguja, waliokaa gizani takriban miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, hawahitaji kusimuliwa tabia za umeme.

Dawa yake inajulikana. Iko swichi inayojifyatua umeme unapokatika, na mashine haizunguki tena mpaka mtu aiwashe kwa makusudi. Liko pia bapa la chuma linalokaa nyuma ya msumeno, kuzuia mbao isibane meno na kurushwa kifuani mwa fundi. Glavu, ambazo wengi huzidhania kinga, mbele ya keekee inayozunguka ni mtego, kwani hunaswa na kuuvuta mkono mzima. Na vumbi la mninga huwasha macho na laweza kuleta pumu.

Sheria za usalama kazini zipo: Bara Namba 5 ya 2003, Zanzibar Namba 8 ya 2005. Tunawaomba wakaguzi wasiipite karakana ya shule kwa kuwa tu wanaofanya kazi humo hawalipwi mshahara.

Kwa wizara zinazohusika, hapa na Bara, ombi letu ni moja. Hati ya kununulia kila mashine iitaje swichi hiyo pamoja na vifuniko vyake, na sanduku lisifunguliwe kabla mwalimu wa ufundi hajawasili. Mashine kulala sandukuni mwaka mzima ni hasara ya fedha za umma. Hasara hiyo tunaikubali, kwa Bukene na kwa vituo vyetu vya amali vya Mkokotoni na Vitongoji.