Mashindano ya Mipango ya Biashara Vyuoni: Kahawa ya Bukoba na Muleba Iwe Darasa

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

Uamuzi wa Serikali kujenga Kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika Wilaya ya Bukoba, kupitia Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET), unaisogeza elimu ya juu karibu na mashamba ya kahawa na migomba mkoani Kagera. Kwa wanafunzi wanaounda timu ili kushiriki mashindano ya mipango ya biashara, ujirani huo una thamani kubwa, mradi tu mipango yao ianzie shambani.

Tangu mwaka 2019, Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (MAKISATU) yamewapa vijana wabunifu jukwaa la kitaifa. Hata hivyo, wazo zuri huweza kuanguka mbele ya majaji kwa sababu ya hesabu tu.

Tuchukue mfano wa timu inayokusudia kununua kahawa ya maganda Muleba, kuikaanga na kuiuza mjini Bukoba. Kilo 100 za maganda makavu, zikikobolewa, hutoa takriban kilo 50 za kahawa safi. Zikikaangwa, hubaki takriban kilo 40. Hivyo, kabla ya kulipia usafiri, nishati, vifungashio na ujira, kila kilo inayofika dukani imekwisha kugharimu mara mbili na nusu ya bei aliyolipwa mkulima. Timu isiyolijua hilo hujiandikia faida isiyokuwapo.

Jambo la pili ni wakati wa malipo. Kagera inaifahamu vyema butura, yaani kuuza kahawa ikingali mtini kwa bei ya chini, biashara ambayo Serikali imekuwa ikiipiga marufuku. Mkulima huingia humo kwa sababu ada ya shule au matibabu hayasubiri mavuno. Mpango unaoahidi bei nzuri lakini unachelewesha malipo hauwezi kushindana na mlanguzi mwenye fedha taslimu mkononi. Kwa hiyo, jedwali la mapato na matumizi halina budi kuonesha fedha za kununulia kahawa zitatoka wapi, mwezi kwa mwezi, tangu kabla ya msimu kuanza.

Hapa ndipo umuhimu wa kuwa timu unapoonekana. Mwanafunzi wa kilimo apime ubora na unyevu wa kahawa. Wa uhasibu asimamie hesabu. Wa masoko azungumze na wenye maduka na hoteli. Na mwingine afuatilie usajili BRELA na alama ya ubora ya TBS. Makubaliano ya umiliki na mgawanyo wa faida yaandikwe mapema, kwa kuwa migogoro mingi huzuka fedha zinapoingia.

Zawadi ya mashindano haitoshi kuendesha biashara. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, hutoa mafunzo na teknolojia kwa wajasiriamali wadogo. Aidha, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, ambapo asilimia 4 ni ya vijana.

Ni wajibu wa vyuo na halmashauri kuziunganisha timu hizo na huduma hizo mara tu mashindano yanapomalizika, ili mkulima wa Muleba naye anufaike na ushindi wa mwanafunzi.