MEZA YA JAMAA: Mchele na kuku, pamoja na visahani vyake

Mwezi huu tuingie jikoni, hapa Kisangani. Na ninyi wababa pia, musifunge gazeti.

Mama anayeuza sokoni anafika nyumbani wakati jua linazama. Sombe inataka kutwangwa, kuku wa kijiji anataka saa nzima na zaidi juu ya makala, na watoto wameanza kusinzia. Siku kama hiyo nunua vipande vya kuku wa barafu, kilo moja tu, hata kwa watu nane. Vikishayeyuka, vipikwe siku hiyohiyo. Umeme wetu munaujua.

Kilo moja inatosha kama nyama inatolewa kwenye mfupa na kukatwa ndogo-ndogo. Desturi yetu tunaijua: firigisi ni ya papa, mguu ni wa mgeni, na "batoto wanakulaka supu." Lakini mtoto ndiye anayejenga mwili, na mama mwenye mimba anajenga miwili. Sisi tuliokwisha kukua tunaweza kungoja. Nyama ikikatwa ndogo na kuchanganywa katika supu, kipande cha mkubwa hakionekani tena, kila mmoja anachotewa kijiko sawasawa. Wababa wengine watanikasirikia juu ya firigisi. Wakasirike.

Kwenye mbabula wa kwanza weka mchele: glasi 4 zilizooshwa, maji glasi 7, chumvi, funika, moto mdogo. Wetu unatoka Isangi au Bumba, unapanda mto ndani ya baleniere. Nao ni mgeni wa zamani: wafanyabiashara Waswahili kutoka pwani ndio walioueneza mashariki ya Kongo katika karne ya 19. Tippu Tip mwenyewe aliwekwa gavana hapa Stanley Falls mwaka 1887. Watu wa pwani wanasema mpunga shambani, mchele sokoni, wali katika sahani. Sisi tunasema mchele tu, mpaka tumboni.

Kwenye mbabula wa pili kaanga vitunguu viwili katika mafuta ya mawese, tia nyama na ile mifupa, geuza dakika kumi. Tia tomate nne, chumvi, maji glasi 2, na kijiko cha unga wa ngano uliokorogwa katika maji baridi ili supu iwe nzito. Dakika ishirini tena, imekwisha. Mawese yasichomwe mpaka yawe meupe kama maji: ile rangi nyekundu ndiyo yenye vitamini A, inayolinda macho ya watoto.

Sasa visahani, na hapa ndipo watoto wanafurahi. Panga katikati: karanga za kukaanga zilizopondwa, lenga-lenga, makemba ya kukaanga, avoka, nanasi iliyokatwa, kitunguu kibichi, na pilipili mbali na wadogo. Si lazima vyote, vitatu vinatosha. Mtoto anayekataa lenga-lenga akipewa kwa nguvu, mara nyingi anaichukua akichagua mwenyewe mbele ya yaya yake. Karanga zenye ukungu au uchungu tupa, hata kama zilinunuliwa kwa bei kali. Sumu yake inaharibu maini, na moto haiondoi yote.

Ninyi mulio machimboni upande wa Bafwasende, ambako kila kitu kinafika kwa kichwa, kinga au moto, acheni kuku. Samaki mkavu aliyelowekwa na kuchambuliwa miiba anafaa vizuri katika supu hii, ila punguzeni chumvi.

Mchele ukibaki, usiulaze katika sufuria yenye uvuguvugu. Kuna vijidudu visivyokufa katika maji ya kuchemka; vinaamka usiku na kuleta kutapika, na kupasha moto asubuhi hakuondoi sumu yake. Utandaze kwenye sahani pana upoe upesi, kisha uweke katika frigo. Kama hakuna frigo, jirani mwenye watoto yuko hapo, mwite angali macho.