Msiusingizie Mtandao: "Ha" Ilimezwa Ofisini



Kuna neno moja ambalo siku hizi kila kosa la simu limejificha chini yake, nalo ni "mtandao". Sauti ikikatika, mtandao. Simu ikikata yenyewe, mtandao. Karani asiposikika, mtandao. Nasema neno hili, kwa namna tunavyolitumia, si jibu bali ni pazia. Na sisi tunaojiita wajuzi wa Kiswahili tumelikubali bila kulihoji.

Nitoe kisa. Jirani yangu hapa Ujiji, mama anayefanya biashara ya dagaa, alipiga simu katika ofisi moja ya mizigo kuuliza habari za boti. Akasikia, "Itaondoka alfajiri." Usiku huohuo akakodi gari, akashusha magunia yake ufukweni Kibirizi. Boti haikuondoka. Mvua ikanyesha, dagaa wakaloa, mtaji ukaoza naye anautazama. Alipokwenda kulalamika, karani akaapa kwamba alisema, "Haitaondoka alfajiri." Kwanza wakamlaumu kwa kutosikia vizuri, kisha wakalegeza sauti: "Ni mtandao, mama."

Mimi namwamini karani, na namwamini mama. Mmoja alitamka silabi ambayo mwenziwe hakuipata. Tazameni jinsi sarufi yetu ilivyo. Katika wakati uliopo, "hatupakii" ina mashahidi wawili wa ukanushi: "ha" mwanzoni na "i" mwishoni. Katika wakati uliopita, "hatukupakia" ina "ku" katikati. Lakini wakati ujao una shahidi mmoja tu. Iondoe "ha" katika "hatutapakia", inabaki "tutapakia": neno kamili, sanifu, lisilo na kovu. Msikilizaji hana hata sababu ya kuuliza, "Umesemaje?"

Sasa, ni nani aliyeimeza? Simu nyingi za ofisi zilizofungwa miaka hii haziipeleki sauti kama mto usiokatika. Huigawa vipande vidogo, aghalabu vya milisekunde 20 kila kimoja, yaani pakiti 50 kwa sekunde. Ikipotea moja, mtambo huziba pengo kwa kukisia. Zikipotea kadhaa mfululizo, silabi huenda nazo. Hata pakiti iliyochelewa mno hutupwa, kwa kuwa zamu yake ya kusikika imekwisha kupita.

Lakini si kila mkatiko ni ugonjwa mmoja. Sauti ikikwaruza hapa na pale, na kuzidi pale ofisi inapotuma mafaili makubwa, basi njia imesongamana na mazungumzo hayakupewa kipaumbele. Ikisikika upande mmoja tu, tafuteni ruta au kizuizi cha usalama kisichoruhusu sauti ya pili kurudi. Ikikatika kwa anayetumia waifai, na mwenzake wa simu ya waya asidhurike, kosa ni la chumbani. Na ikikatwa daima kichwani mwa kauli, baada ya kimya, mshukiwa ni mwingine kabisa.

Fundi aliyeitwa alikuwa mwanafunzi wangu zamani. "Shikamoo, Mwalimu," akasema, "hawa wananiambia mtandao tu." Nikamwomba apige simu kutoka meza moja hadi nyingine, humo humo ofisini. Silabi ya kwanza ikamezwa vilevile. Hapo mnara, mvua na Ziwa Tanganyika vyote vikaachiwa huru! Akafungua mipangilio, akakuta mtambo umeamriwa usipeleke chochote mtu anaponyamaza, ili kupunguza mzigo wa njia. Mtambo ulikuwa ukichelewa kutambua kwamba msemaji ameanza, na kwa kuchelewa huko ukala mwanzo wa neno. Akaizima amri hiyo. "Ha" ikarudi.

Wapo watakaosema haya ni ya mafundi, tuwaachie. Nawapinga. Fundi huyo hakukosa ujuzi, alikosa maelezo. Hakuna aliyemwambia ni silabi gani inapotea, na lini. Nani mwenye sikio la kumwambia kuliko mtu anayehesabu mizani 16 katika kila mshororo, na kujua papo hapo kwamba ukwapi umepungua moja? Sheikh Kaluta Amri Abedi, mwana wa Ujiji hii hii, alitutolea mwaka 1954 kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Tumezitumia sheria hizo kuwasahihisha wenzetu barazani. Mbona tunazisahau pale silabi iliyopotea inapogharimu magunia ya dagaa?

Wapo pia watakaosema Kiswahili kina udhaifu, kwa kuweka ukanushi mahali pa hatari. Upuuzi. Lugha haikuumbwa kwa ajili ya mtambo; mtambo ndio unaopaswa kurekebishwa uifae lugha. Anayefunga simu katika ofisi inayosema Kiswahili aijaribu kwa "haitaondoka" na "hatutapakia", si kwa "haloo, haloo" pekee.

Na makarani nao wana lao. Siku hizi wamefundishwa kujibu kwa mkato, bila salamu wala kumtaja mtu. Zamani tungesema, "Mama yangu, boti hiyo haitaondoka," na mtambo ungekula "ma", ukaacha ukweli mzima. Adabu yetu ya kale ilikuwa na faida ambayo hatukuijua.

Basi, safari ijayo mkiambiwa "ni mtandao", msiitikie. Ulizeni: imekatika mwanzoni, katikati au mwishoni? Kwangu tu, au kwako pia? Kwa simu za nje pekee, au hata za ndani? Maswali hayo matatu hayahitaji shahada ya uhandisi. Mama wa dagaa hakulipwa hata senti, kwa sababu aliyemdhulumu aliitwa "mtandao", na mtandao haushtakiwi.