Dizeli zenye nguvu: Gia otomatiki au za mkono kwa barabara za Kilimanjaro?

KILA mwisho wa Desemba barabara ya Himo hadi Marangu, pamoja na zile zinazopanda Kibosho, Uru na Machame, hujaa mashangingi. Ni Wachaga waliotoka Dar es Salaam na mikoa mingine kuja kula Krismasi nyumbani. Wakati wa kupanda mambo huwa mazuri, gari linakwenda kama halina mzigo. Kazi huanza wakati wa kushuka. Simama kwenye kona yoyote kali chini ya Marangu Mtoni katika siku hizo, utasikia harufu ya pedi za breki zilizoungua kabla gari lenyewe halijatokea.

Wenyeji walioko kando ya barabara wana jibu moja kwa harufu hiyo: gari hilo ni otomatiki, na otomatiki si gari la mlimani. Jibu hili limerudiwa mno mpaka limekuwa kama sheria. Limewafanya wakulima na wafanyabiashara wadogo wakatae gari zima, na wengine wanunue bovu kwa sababu tu lina klachi.

Suala hili si la starehe. Mwenye kihamba cha ndizi Kilema, au kikundi cha kina mama wanaokusanya maziwa Hai, wakiamua kununua pikapu ya dizeli, fedha hiyo mara nyingi ni akiba ya miaka kadhaa, na sehemu yake imetoka SACCOS. Giaboksi ikifa mwezi wa nne, mkopo haufi pamoja nayo.

Tuanze na mlima wenyewe. Mji wa Moshi uko kati ya mita 800 na 900 juu ya usawa wa bahari. Lango la Marangu, wanakoanzia wapanda mlima, liko zaidi ya mita 1,800. Kutoka njia panda ya Himo hadi langoni ni kilomita zisizozidi 25, na katika umbali huo mfupi gari linapanda karibu mita 1,000. Injini ya dizeli isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 inazopanda, kwa sababu hewa inapungua. Ndiyo maana Land Cruiser hadtopu yenye injini ya 1HZ, ile ya lita 4.2 isiyo na tabo, hupanda kwa uvumilivu zaidi kuliko kwa kasi. Ndiyo maana pia watu wa huku wanazipenda dizeli za tabo kama 1KZ na 1KD za lita 3.0 zilizomo kwenye Prado na Surf.

Sasa chukua pikapu yenye gia za mkono, imebeba mikungu ya ndizi mpaka juu, iko kwenye barabara ya udongo mwekundu wakati wa masika. Mbele bodaboda imeanguka, dereva anasimama. Akitaka kuondoka tena lazima aachie klachi taratibu huku anakanyaga mafuta, na katika sekunde hizo chache sahani ya klachi inasuguana na chuma. Akifanya hivyo mara mbili tatu njiani hakuna neno. Akifanya mara ishirini kwa siku, na mara nyingine akilishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki ya mkono, sahani hiyo haitamaliza mwaka. Injini ikiwa na nguvu zaidi, madhara huja haraka zaidi.

Otomatiki haina sahani ya kusugua wakati wa kuondoka. Mahali pa klachi pana chombo kilichojaa mafuta, ndani yake pangaboi moja linayasukuma mafuta yakazungushe pangaboi jingine. Gari linapoanza kutembea chombo hicho huongeza nguvu inayofika kwenye magurudumu, na huifikisha kwa ulaini. Kwenye tope ulaini huo ni mali, kwani tairi haliruki ghafla na kuanza kuchimba. Kwa hiyo katika kupanda, ile sheria ya wenyeji ni kinyume cha ukweli.

Lakini hakuna cha bure. Mafuta yanayosukumwa hupata moto. Mwendo ukiwa mdogo, mzigo mzito na resi iko juu, yanachemka kuliko kawaida, na yakishaungua giaboksi nzima imekwisha. Katika magari mengi ya aina hii mafuta hayo hupozwa kwa kupitishwa ndani ya rejeta ileile inayopoza maji ya injini. Hapa ndipo wengi hupata hasara bila kujua chanzo chake. Rejeta ikiziba kwa kutu au matope, joto la giaboksi linaongezwa juu ya joto la injini. Wenye 1KZ wanajua kinachofuata, maana injini hiyo ina sifa ya kupasuka silinda hedi ikichemsha. Mtu anabadilisha hedi, anapanda tena Mwika na rejeta ileile, na baada ya muda anaambiwa giaboksi nayo imekufa. Anailaumu otomatiki. Wa kulaumiwa ni rejeta, na yeye mwenyewe aliyeona kuibadilisha ni ghali.

Kuna ajali nyingine inayotokana na mpangilio huo. Bomba la mafuta lililomo ndani ya rejeta likitoboka, maji huingia kwenye giaboksi na mafuta mekundu hugeuka rangi ya waridi iliyochanganyika na maziwa. Ukiyaona hivyo usiliendeshe gari hata mpaka gereji.

Twende kwenye kushuka, ambako otomatiki imejipatia jina baya. Dereva wa Dar es Salaam huweka D anapotoka nyumbani na kuitoa anapofika. Kwenye tambarare hilo linatosha. Kwenye mteremko mrefu, giaboksi iliyo kwenye D huona mafuta hayakanyagwi na mwendo unaongezeka, basi inapanda hadi gia ya juu kabisa. Injini haizuii tena chochote. Kinachobaki ni breki peke yake kwa kilomita kumi na zaidi. Pedi zinapata moto, mafuta ya breki yanachemka, na mguu unazama mpaka chini bila gari kushikwa.

Yule mwenye gia za mkono anaponea kwa sababu alifundishwa kushuka na gia aliyopandia. Angeweka gia ya tano naye angenusa harufu ileile. Na wapo wanaofanya vibaya zaidi: wanaweka nyutro ili kubana mafuta, jambo la hatari kwa gari la aina yoyote. Otomatiki nayo ina namba hizo. Kwenye zile za zamani zenye gia nne, kuna 2 na L, na kitufe cha O/D cha kuizuia isipande gia ya nne. Za gia sita zina sehemu ya S yenye alama za kujumlisha na kutoa, dereva anachagua mwenyewe. Ukishuka kutoka Kibosho na 2 au L, tena kwa mwendo mdogo tangu juu, breki utazigusa kwenye kona tu. Pamoja na hayo, sitasema mifumo hii miwili ni sawa katika kushuka. Gia za mkono zimefungana na injini chuma kwa chuma, wakati otomatiki ya zamani hupitisha nguvu kwenye mafuta, hivyo huteleza kidogo na kushika kwa ulegevu. Dizeli yenyewe haina kilango cha kubana hewa kama petroli, ndiyo sababu Fuso na Canter huwekewa breki ya kuziba ekzosi. Mwenye kubeba tani kila siku kutoka Rombo ana haki ya kutaka gia za mkono.

Haki hiyo hata hivyo inazidi kuwa ngumu kupatikana, na sababu mojawapo iko Japani, yanakotoka magari mengi yaliyotumika. Sheria ya moshi wa magari ya huko ya mwaka 2001 ilizuia dizeli za zamani kuendelea kusajiliwa katika maeneo ya miji mikubwa kama Tokyo, Osaka na Nagoya. Magari yaliyokuwa bado mazima yakatafuta soko nje, na mengi ya Prado na Surf za dizeli tunazozijua yalikuja kwa mkondo huo. Mwaka 2007 Toyota ikaacha kabisa kuuza Prado ya dizeli Japani. Iliirudisha mwaka 2015 ikiwa na injini mpya ya lita 2.8, kwa gia sita otomatiki tu. Hilux nayo iliporudi kuuzwa Japani mwaka 2017 ilikuwa dizeli ya lita 2.4, otomatiki tu. Kwa hiyo mtu anayeagiza dizeli ya Japani ya miaka hiyo, kwa kukwepa ushuru ambao TRA huongeza kwa magari yenye umri mkubwa, hana cha kuchagua upande wa gia. Mwenye kutaka klachi atafute Hilux za Thailand, Afrika Kusini au Uingereza, ambazo nazo zina usukani kulia, au asubiri minada ya magari ya serikali na miradi.

Sababu ya pili iko kiwandani, na wauzaji huisema mara chache. Injini zimekuwa na nguvu nyingi mno kwa klachi. Ile 1HZ ya zamani, pamoja na ukubwa wake wote, hutoa nguvu ya kuzungusha isiyofika Newton-mita 300. Hilux ya lita 2.8 iliyoboreshwa mwaka 2020 hutoa 500. Lakini soma karatasi zake vizuri: 500 ni kwa otomatiki. Injini hiyohiyo ikifungwa gia za mkono, kiwanda chenyewe huipunguza hadi 420. Anayenunua ya klachi kwa kuamini amepata gari la kazi zaidi amenunua injini iliyofungwa kamba kidogo. Na Land Cruiser 300 iliyotoka mwaka 2021, dizeli yake ya lita 3.3 ina Newton-mita 700 na giaboksi otomatiki ya gia kumi.

Hata ile hoja ya kwamba klachi ni rahisi kutengeneza inahitaji kuangaliwa upya. Ni kweli kwa hadtopu na pikapu za zamani. Fundi wa Himo anashusha giaboksi asubuhi, anabadilisha sahani, presha pleti na beringi, jioni gari linatembea. Betri ikifa kijijini vijana wanne wanalisukuma linawaka, jambo ambalo otomatiki haikubali. Lakini dizeli nyingi za kisasa zenye gia za mkono zina gurudumu zito la vipande viwili nyuma ya injini la kumeza mtikisiko, na klachi ikiisha mara nyingi linakwenda nalo. Bei ya gurudumu hilo inaweza kuzidi ya klachi yenyewe. Upande wa otomatiki hali ni mbaya kwa namna nyingine: mafundi wanaoweza kuifungua na kuirudisha ni wachache, hivyo kinachofanyika ni kununua giaboksi ya mtumba Ilala, isiyojulikana ilikotoka, na kuomba Mungu. Halafu ikiharibikia Tarakea haitakiwi kuvutwa kwa kamba magurudumu yakizunguka, kwani injini ikiwa imezimwa pampu ya mafuta ya giaboksi haifanyi kazi. Lazima ipakiwe.

Kuhusu mafuta, otomatiki za zamani hula zaidi mlimani. Tuseme zinazidi kwa lita moja tu kila kilomita 100, na gari linakwenda kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hizo ni lita 300. Zidisha kwa bei ya dizeli iliyotangazwa na EWURA mwezi huu uone kama klachi mbili kwa mwaka ni ghali au rahisi.

Swali ambalo wanunuzi husahau kujiuliza ni nani atakayeendesha. Mwenye gari akiendesha mwenyewe, na anajua kutumia 2 na L, otomatiki ya tabo yenye rejeta mpya itamtumikia vizuri kwa maziwa, mbolea na abiria wachache. Akimwachia kijana wa kulipwa kwa siku, ambaye klachi ikiungua si fedha yake, otomatiki itamwokoa wakati wa kupanda, lakini kijana huyo lazima afundishwe kushuka kabla hajapewa ufunguo. Kwa mzigo mzito wa kila siku katika barabara mbaya, mbali na mafundi, dizeli ya zamani yenye gia za mkono bado haijapata mpinzani. Ila isinunuliwe kwa kufikiri kwamba kijiti cha gia kinafuta ubovu mwingine.

Na anayenunua asiliridhikie gari kwa kulizungusha Dar es Salaam, maana kule ni tambarare. Avute kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi: yawe mekundu, yasiwe ya kahawia yenye harufu ya kuungua. Injini ikiwa ya baridi aweke D, kisha R. Gari likichelewa kushika au likishtuka, aliache. Kama linauzwa Moshi, apande nalo mpaka Kibosho likiwa na watu ndani, ashuke na 2, kisha afunue boneti na kuangalia maji.

Magari mengi ya kazi yanayofika kwa mkulima huku huwa yamekwisha kutumika kwingine, na hadtopu zinazobeba watalii na serikali ndizo zinazosubiriwa zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2023 Toyota ilianza kuuza tena Land Cruiser 70 nchini Japani, safari hii ikiwa na injini ya lita 2.8 na gia sita otomatiki. Zile zitakazokuja kubeba wapanda mlima hadi malangoni zitauzwa siku moja kwa wenye ndizi wa Mwika na Kilema, na zitakuwa hazina klachi.