Usukani mgumu si alama ya uanaume

Wako wenye motokari za zamani wanaojisifu kwamba usukani wao unataka mwanaume. Mimi sikubali. Usukani mgumu unachosha mabega, shingo na mgongo. Mtoto akitokea ghafula barabarani, mikono iliyochoka inachelewa.

Chukua Land Rover Series III, iliyotengenezwa Uingereza kuanzia 1971 mpaka 1985. Haikuwa na pampu ya kusaidia usukani. Lakini ikitunzwa haimshindi dereva.

Kwanza, pima upepo wa mipira ya mbele asubuhi, ingali baridi. Upepo ukipungua, usukani unakuwa mzito. Pili, tazama mafuta katika boksi la usukani na katika vifundo vya magurudumu ya mbele. Tatu, usizungushe usukani motokari imesimama. Iache itembee kidogo.

Usifunge mipira mipana wala usukani mdogo: vyote vinaongeza kazi. Wala fundi asilegeze usukani ili uwe mwepesi. Ukicheza, motokari inatangatanga.

Nanyi akina mama, baba akisugua bega kila jioni, mwulizeni kwanza habari za mipira. Maumivu yakiendelea, aje dispensari.